Kura tatu: ugomvi wa rangi uliotikisa TANU mjini Tabora

Januari 2028 mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora utatimiza miaka 70. Watakaopanda jukwaani siku hiyo bila shaka watasifu Uamuzi wa Busara uliofikiwa pale, na watatukumbusha kwamba chama kilicholeta uhuru kiliukataa ubaguzi wa rangi tangu kuasisiwa kwake. Habari yenyewe ina kona nyingi kuliko hapo. Kila uchaguzi unapokaribia watu huulizana tena kama rangi na asili ya mtu ndizo zinazoelekeza vyama na sera zake, na anayetaka kulijibu swali hilo kwa Tanzania hana budi kurudi kwenye siku zile sita, Januari 21 hadi 26, 1958, asikilize wana-TANU walikuwa wakigombania nini.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni nane, Waasia na Waarabu karibu 100,000, na Wazungu wapatao 20,000. Gavana Edward Twining aliwagawia watu hao viti katika Baraza la Kutunga Sheria kwa hesabu aliyoiita ya usawa: mwaka 1955 wajumbe 30 wasio wa serikali waligawanywa kumi kwa Waafrika, kumi kwa Waasia, kumi kwa Wazungu. Sauti ya Mzungu mmoja ikawa na uzito wa Waafrika mia nne na ushei. Serikali ilisema hivyo ndivyo jamii mbalimbali zinavyojifunza kuishi pamoja.

TANU ilizaliwa Julai 7, 1954 kutoka katika chama cha TAA, na Julius Nyerere akawa rais wake. Hayo yanafahamika. Linalosahaulika ni kwamba kwa katiba yake TANU ilipokea Waafrika peke yao. Mhindi aliyezaliwa Tanga, aliyeuza duka lake ili asaidie harakati, hakuweza kupata kadi. Mzungu aliyewaunga mkono waziwazi hakuweza kupata kadi. Viongozi walikuwa na sababu zao: Waafrika walikuwa ndio kwanza wanajenga imani ya kusema mbele za watu, na waliogopa kwamba wenye elimu na fedha wangeingia na kushika usukani wa chama kabla wenyewe hawajauzoea.

Mwaka 1956 serikali ikapata chama chake cha kukabiliana na TANU, kikaitwa United Tanganyika Party, UTP, chini ya Ivor Bayldon. Hapa msomaji asimame kidogo. UTP ilifungua milango kwa rangi zote. Mzungu, Mhindi, Mwarabu, Mwafrika, machifu kadhaa wakiwamo, wote walikaribishwa. Lakini sera yake ilikuwa kulinda viti vya kumi-kumi-kumi. TANU ilifungia milango rangi mbili, na sera yake ilikuwa kura moja kwa mtu mmoja bila kutazama rangi. Chama chenye wanachama mchanganyiko kilitetea utaratibu wa kibaguzi, na chama cha rangi moja kilitetea usawa wa raia wote. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika siasa za miaka ile, na ndilo tunalolizungumza kwa nadra.

Mwaka 1957 serikali ilitangaza uchaguzi wa kwanza na ikaweka masharti yake. Kila jimbo lingekuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Kila mpiga kura angelazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Akiandika jina la Mwafrika tu na kuacha mengine, karatasi yake inaharibika. Hizo ndizo kura tatu. Na si kila mtu angepiga: ilitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa na serikali. Mkulima wa pamba wa Usukuma aliyelipia kadi ya TANU kwa senti za mavuno alibaki nje.

Nyerere alikuwa ameingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kuteuliwa mwaka huo huo, akajiuzulu Desemba kwa kuona kila pendekezo lake linatupwa. Kwa hiyo wajumbe walipokuwa wanapanda treni kwenda Tabora, wengi walikuwa na hakika ya kwenda kupitisha azimio moja: TANU isusie uchaguzi. Rais wa chama alikuwa na nia nyingine.

Mwandishi wa historia Mohamed Said, ambaye kitabu chake kuhusu Abdulwahid Sykes kilitoka mwaka 1998, anaeleza kwamba Nyerere hakwenda Tabora mikono mitupu. Alipitia Tanga kwanza, akakaa na wazee na vijana wa chama pale, Sheikh Abdallah Rashid Sembe na Mwalimu Kihere miongoni mwao, akawafungulia moyo: anataka TANU iingie uchaguzini kwa masharti hayo hayo, anajua chama kinaweza kumkataa, na anahitaji watu watakaomsaidia kuwashawishi wenzao. Ni maelezo yanayostahili kupewa uzito zaidi ya yanavyopewa. Tumezoea kuisikia Tabora kama ushindi wa ulimi wa mtu mmoja. Kumbe kulikuwa na kazi ya chini kwa chini iliyofanywa na watu wa mwambao ambao majina yao hayapo kwenye mabango ya barabara zetu kuu.

Ukumbini hoja za wapinzani zilikuwa nzito, na walikuwa wengi. Tutampigiaje kura Mzungu, waliuliza, wakati tumezunguka nchi nzima tukiwaambia watu kwamba rangi haistahili kuwa sifa ya uongozi? Kukubali kura tatu ni kutia saini mgawanyo wa Twining kwa mikono yetu. Na tutarudije vijijini kumwambia mkulima kwamba chama chake kimekubali uchaguzi ambao yeye hana ruhusa ya kuingia? Katika mstari wa mbele wa msimamo huo alikuwapo Zuberi Mtemvu, mmoja wa watendaji wa mwanzo wa chama, mtu aliyekuwa ametembea sana kuijenga TANU.

Jibu la Nyerere lilikuwa la hesabu. TANU ikisusia, uchaguzi utafanyika tu. Viti vyote 30 vitachukuliwa na UTP, na serikali ya Uingereza itapata Baraza la kuchaguliwa la kuuonyesha ulimwengu, lenye Waafrika kumi ndani yake, wakisema kwamba Tanganyika imeridhika. TANU ikiingia, kura tatu zitageuka silaha ya TANU yenyewe: katika majimbo mengi wapiga kura wengi ni Waafrika hata kwa masharti ya kipato na elimu, kwa hiyo Waafrika ndio watakaoamua Mwasia gani na Mzungu gani aingie. Kiti cha Mzungu kitabaki jina, lakini atakayekikalia atakuwa ametokana na TANU.

Mabishano yaliendelea kwa siku kadhaa. Mwisho Nyerere alishinda kwa kura, ingawa hakushinda kwa kauli moja, na aliongezewa sharti lililowatuliza wakali: ikiwa kufikia mwisho wa 1959 serikali haijaahidi madaraka ya ndani, chama kitaanza migomo na kugoma kutii. Azimio lile ndilo tunaloliita hadi leo Uamuzi wa Busara.

Mtemvu hakuridhika. Alitoka, akaunda African National Congress, chama kilichosema waziwazi kwamba Tanganyika ni ya Waafrika. Historia rasmi imemfanya kuwa mbaguzi na kumfungia faili. Nadhani tumemdhulumu. Kauli zake dhidi ya Waasia na Wazungu zilikuwa kali na hazina utetezi, lakini swali alilolibeba lilikuwa la haki: kwa nini mkulima asiye na shilingi 3,000 aambiwe asubiri? Ubaguzi wa rangi na ubaguzi wa kipato vilikuwa vimefungwa kifurushi kimoja katika sheria ile, na TANU iliupokea wote kwa muda ili iuvunje kwa ndani. Anayesifu busara ya Tabora na aseme pia nani aliilipia.

Matokeo yalimpa Nyerere haki yote aliyoitarajia. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, wapiga kura walioandikishwa wakiwa hawafiki 60,000 nchi nzima. Wagombea waliokuwa na baraka za TANU walifagia. Kaskazini Waafrika waliwapigia kura Derek Bryceson, mkulima wa Kizungu aliyewahi kuwa rubani wa vita, na Sophia Mustafa, mama aliyezaliwa India na kulelewa Kenya. Amir Jamal, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha, aliingia Barazani kwa uchaguzi ule ule. Katikati ya kampeni, Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali, akatakiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Kiasi hicho kilikuwa sawasawa na kipato kilichomruhusu mtu kupiga kura. Alilipa. Twining alikuwa ameshaondoka, gavana mpya Richard Turnbull amekuja, na UTP haikuinuka tena.

Mwaka 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, ingawa 21 kati ya hivyo bado vilitengwa kwa Waasia na Wazungu. Ubishi uliodhaniwa umezikwa Tabora ukafumuka tena Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru, na safari hii ulikuwa ndani ya TANU peke yake. Muswada wa uraia ulimpa uraia moja kwa moja mtu yeyote, wa rangi yoyote, aliyezaliwa nchini na mzazi wake mmoja kuzaliwa nchini. Wengine wakapewa miaka miwili waombe. Wabunge wa TANU walisimama mmoja baada ya mwingine wakitaka uraia uwe wa Waafrika. Nyerere, sasa Waziri Mkuu, aliwajibu kwa ukali mkubwa. Aliwafananisha na Hitler na Verwoerd wa Afrika Kusini. Akasema muswada ukikataliwa, serikali yake itajiuzulu. Ulipita.

Basi tukiuliza kama rangi iliathiri sera za TANU, jibu limo katika kumbukumbu za Bunge za mjadala ule: iliathiri, na chama kilikaribia kushindwa nayo. Shinikizo lile lile lilichangia Nyerere kuacha uwaziri mkuu Januari 1962, na serikali ya Rashidi Kawawa, aliyemrithi, ikaharakisha kuwaweka Waafrika katika nafasi za utumishi. Novemba mwaka huo Mtemvu alisimama dhidi ya Nyerere kugombea urais. Alipata kura 21,000 na ushei, mwenzake zaidi ya milioni moja. Ni mwaka 1963 tu, miaka tisa baada ya kuasisiwa, ndipo TANU ilipowapa kadi wasio Waafrika. Zanzibar mambo yalikwenda njia nyingine ya damu, kuanzia ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 zilizoua watu 68, na habari hiyo inahitaji makala yake.

Baada ya hapo chama kikawa kimoja, na hoja ya rangi ikahamia kwenye lugha ya matabaka. Mengi ya majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971 yalikuwa ya Waasia, ingawa sheria haikutaja asili ya mtu yeyote. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Mchungaji Christopher Mtikila aliwaita Waasia magabachori mbele ya umati, na maduka yakashambuliwa. Mwishoni mwa miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000 tukabishana juu ya uzawa, yaani kuwapa wazawa kipaumbele katika uchumi, Iddi Simba akiwa mtetezi wake mashuhuri. Kisha kimya, isipokuwa minong'ono ya msimu wa uchaguzi kuhusu uraia wa mgombea fulani na babu yake alikotoka.

Minong'ono hiyo ni ya watu; kwa vyama, kipimo kimo katika sheria. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inamtaka Msajili asiandikishe chama ambacho katiba au sera yake inajenga maslahi ya rangi au kabila, na inataka uanachama uwe wazi kwa kila raia bila kujali rangi. Ni masharti mazuri. Yanasoma katiba, sera na masharti ya uanachama. Kwa kipimo hicho, UTP ya Bayldon, pamoja na milango yake iliyo wazi kwa rangi zote, ingekwama kwenye sera yake ya kumi-kumi-kumi. TANU iliyokutana Tabora nayo ingerudishiwa fomu zake, kwa sababu ya uanachama.