Mwitiko wa goti uliozidi: tatizo si la goti

Tabibu anapogonga kano iliyo chini ya pia ya goti kwa nyundo ya mpira, mguu huruka kidogo. Kano inavuta msuli wa mbele ya paja, neva zinafikisha habari kwenye uti wa mgongo, na amri ya kukaza msuli inarudi papo hapo bila kusubiri ubongo. Huo ndio mwitiko wa goti. Hupimwa kuanzia 0, usipoonekana kabisa, hadi 4, unaporuka mno. 2 ni wa kawaida. Mtu aliyeambiwa katika zahanati ya Entarara au Kitengela kwamba goti lake ni ‘kali’ anaweza kwenda zake akidhani goti ndilo bovu, akalikanda kwa dawa. Kwa hiyo naona istilahi inayofaa ni ‘mwitiko wa goti uliozidi’: inataja kilichozidi, na goti linabaki kuwa mahali pa kupimia tu.

Chanzo mara nyingi kiko juu zaidi. Ubongo huutuliza mwitiko huo kupitia neva zinazoshuka kwenye uti wa mgongo; neva hizo zikidhurika, mguu huruka kupita kiasi. Ni kama ndama aliyefunguliwa kamba: hajaongeza nguvu, amekosa kizuizi tu. Ushahidi uko karibu: mwaka 1985, wilayani Tarime, Tanzania, watu walioishi kwa mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha wakati wa ukame walipata ugonjwa uitwao konzo. Miguu yao ilikakamaa ghafla kwa sababu ya sumu ya sayanidi, na mwitiko wa goti uliozidi ni miongoni mwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya kuutambua ugonjwa huo. Magoti yenyewe yalikuwa mazima.

Yupo atakayesema basi tuuite ‘mwitiko usiozuiwa’, tutaje na chanzo. Hoja hiyo ina uzito, lakini jina hilo linahukumu mapema. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huuzidisha pia, hata wasiwasi, na wapo watu wazima wa afya ambao magoti yao yote mawili huruka sana maisha yao yote. Jina la dalili liseme kile nyundo ilichoonyesha. Chanzo kitafutwe kwa vipimo vingine. Mguu mmoja ukizidi mwingine, au mwitiko ukiandamana na udhaifu, ukakamavu au shida ya kukojoa, mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa, achunguzwe mgongo na ubongo. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, kwa mfano, kinatibika, na kikiwahiwa huenda mgonjwa asipoteze miguu yake.