Kaktasi ya Msituni na Mnyaa wa Ugogo: Historia Fupi ya Uainishaji

Msafiri anayeingia Dodoma kutoka Morogoro huona kando ya njia mimea yenye mashina ya kijani, isiyo na majani ya kuonekana, mingine ikiwa na miiba. Wengi huiita kaktasi. Hata hivyo, mnyaa unaozungushiwa maboma ya Wagogo, pamoja na ule mti mkubwa wenye matawi kama kinara cha taa ambao wanabotania huuita Euphorbia candelabrum, si wa jamaa ya kaktasi kamwe. Ukikatwa, hutoa utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni waweza kupofusha. Ufanano wa mashina umetokana na ukame, kwa kuwa mimea ya nasaba mbalimbali, ikikaa katika nchi ya jua kali na mvua chache, hujifunza kuhifadhi maji kwa njia moja. Udugu wa mimea hutafutwa katika ua na tunda.

Kaktasi ya asili ipo Tanzania, lakini haiko Ugogo. Iko katika misitu yenye unyevu, kama ile ya Usambara, ikining'inia juu ya matawi ya miti mingine mfano wa nyuzi za kijani. Jina lake la kitaalamu ni Rhipsalis baccifera. Ni mmea mwembamba, wenye maua madogo meupe na matunda mfano wa shanga. Katika familia nzima ya kaktasi, hii ndiyo spishi pekee inayoota yenyewe, bila kupandwa, nje ya bara la Amerika. Jamaa zake wa karibu wako Amerika ya Kusini, hususan Brazil.

Kutambuliwa kwake kulichukua muda. Mwaka 1771 Johann Sebastian Müller, mchoraji Mjerumani aliyefanya kazi London, aliuweka mmea huu katika jenasi Cassytha, yaani kundi la mimea tambazi inayonyonya mingine na ambayo ni ya jamaa ya mdalasini. Kosa lake laeleweka: nyuzi zisizo na majani juu ya mti hufanana na nyuzi nyingine zisizo na majani juu ya mti. Mwaka 1788 Joseph Gaertner, aliyetumia miaka mingi kupasua matunda na mbegu, aliipa jenasi yake yenyewe, Rhipsalis. Jina tunalotumia leo lilikamilishwa na Mwingereza William Stearn mwaka 1939, alipounganisha jenasi ya Gaertner na jina la spishi alilolitoa Müller. Mchoraji alikosea jenasi, lakini neno lake, lenye maana ya "mzaa matunda", limedumu.

Swali gumu zaidi ni namna ulivyofika. Mabara ya Afrika na Amerika ya Kusini yalitengana zamani mno kabla kaktasi hazijatokea, hivyo haiwezekani kuwa ulibebwa na ardhi yenyewe. Zimebaki hoja mbili. Ya kwanza ni ya meli, kwamba mabaharia waliuleta baada ya safari za Wareno. Ya pili ni ya ndege, kwa sababu nyama ya tunda hunata kama ulimbo na mbegu zaweza kusafiri mwilini mwa ndege au tumboni mwake. Mjerumani Wilhelm Barthlott ameonyesha kwamba mimea ya Amerika kwa kawaida ina seti mbili za kromosomu, ilhali ile ya Afrika na Madagaska ina seti zilizoongezeka. Nayo imeachana kwa umbo kiasi cha kugawanywa katika nususpishi. Kwa maoni yangu, karne nne au tano za meli ni muda mfupi mno kwa mabadiliko hayo. Hoja ya meli ilipendwa, nadhani, kwa sababu iliafikiana na mazoea ya kuiona Afrika kama mahali pa kupokea tu. Mpungate uliletwa na watu kweli, na hiyo haimaanishi kila kaktasi ililetwa.

Mnyaa unaonyesha mazoea hayo kwa upande wa pili. Linnaeus aliuita Euphorbia tirucalli mwaka 1753, akichukua neno la Malabar kutoka kitabu cha Mholanzi van Rheede juu ya mimea ya pwani ile ya India. Wataalamu wengi leo huona asili yake ni Afrika. Basi mmea wa Afrika umebeba jina la Kihindi, na Wagogo, ambao hawakuulizwa, wameendelea kuupanda kuzunguka maboma yao.

Nao walipitiwa na wakusanyaji. James Grant, aliyevuka Ugogo pamoja na Speke mwaka 1860, alikusanya mimea njiani. Orodha yake ilichapishwa London na Daniel Oliver katika miaka ya 1870. Baadaye Ferdinand Pax alianzisha jenasi Monadenium mwaka 1894, akiitenga na Euphorbia kwa umbo la tezi za ua. Spishi zake nyingi ni za Tanzania. Peter Bally aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1961. Mwaka 2006, baada ya vinasaba kupimwa, Peter Bruyns na wenzake waliirudisha yote ndani ya Euphorbia. Lebo nyingi za zamani katika makabati ya mimea iliyokaushwa bado zimeandikwa Monadenium.