Bustani ya Mfalme, Boriti za Babu

Leo kwenye historia ya Ulaya mwalimu katuonyesha picha za kuchapa za bustani za Versailles, enzi za Louis XIV wa Ufaransa. Gabriel Pérelle na wanawe walizichora kama anavyoona mwewe akiwa juu: njia zimenyooka kutoka kwenye kasri mpaka upeo wa macho, miti imepangwa mistari. Yaani hata ardhi inamtii mfalme! Nakala zilienea Ulaya, kwa hiyo hata asiyefika Versailles salamu zilimfikia.

Lakini wachimbaji wako wapi jamani? Mwaka 1685 watu kama 36,000 walikuwa kazini kule. Kwenye picha hizi wakubwa wanatembea tu.

Nikakumbuka kwetu delta. Boriti za mikoko ya Rufiji zilipakiwa majahazini kwenda kubeba sakafu na mapaa ya majumba ya Unguja na Uarabuni. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Picha za zamani zinatuonyesha majumba ya masultani, siyo mkataji aliyezama topeni mpaka magotini.

Babu yangu alikuwa mkataji. Nikianza kufundisha Kibiti, kila picha nitauliza darasa: nani hayupo hapa?

Haya, tuonane kesho.