Aliyecheza na Anayejua: Historia Fupi ya Wachambuzi wa Soka

Katika mijadala ya soka hakuna swali linalomnyamazisha mtu upesi kama hili: "Kwani wewe ulicheza wapi?" Nyuma ya swali hilo kuna dhana kwamba aliyecheza ndiye ajuaye, na asiyecheza ni mdandiaji tu. Vituo vya runinga vimeipokea dhana hiyo kwa mikono miwili, na ndiyo sababu viti vya uchambuzi vimejaa wanasoka wastaafu. Mimi ni mwalimu wa historia, na fani yangu imeishi na swali hilo kwa muda mrefu: je, aliyeshuhudia tukio ndiye anayefaa kulieleza? Naomba, ndugu msomaji, tulipime kwa mfano wa Uingereza, nchi ambayo wachambuzi wake huingia katika sebule na vibanda vyetu kila mwisho wa juma.

Runinga ya Waingereza haikuanza na wachambuzi. Kipindi cha Match of the Day cha BBC kilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, tarehe 22 Agosti 1964, Liverpool iliifunga Arsenal mabao 3-2 katika uwanja wa Anfield. Mtangazaji alikuwa Kenneth Wolstenholme, aliyepata kuwa rubani wa ndege za mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. Kazi yake ilikuwa kueleza nini kinatokea. Swali la kwa nini kimetokea lilikuwa bado halijapata mwenyewe.

Aliyelipatia swali hilo mwenyewe ni Jimmy Hill. Alikuwa mchezaji wa Brentford na Fulham, lakini sifa yake haikutoka miguuni. Akiwa kiongozi wa chama cha wachezaji, aliongoza harakati zilizofuta mwaka 1961 kanuni iliyozuia mshahara wa mchezaji kuzidi pauni 20 kwa wiki. Baadaye aliifundisha Coventry City, kisha akaingia runingani. Mwaka 1972 mshika kibendera alipoumia katika mechi ya Arsenal na Liverpool, Hill, ambaye alikuwa na sifa za uamuzi, alishuka kutoka jukwaani akashika kibendera. Huyu alikuwa mtu aliyeufahamu mchezo kwa pande zake zote: sheria, fedha, mbinu na siasa zake.

Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 1970 nchini Mexico, ITV iliwaketisha pamoja Malcolm Allison, Derek Dougan, Pat Crerand na Bob McNab. Allison alikuwa kocha. Wengine watatu walikuwa bado wanacheza. Walibishana, wakakatizana, wakacheka, na taifa likawatazama. Jopo lile lilionyesha kwamba mazungumzo juu ya mpira yanaweza kuvuta watu kama mpira wenyewe. Hapo ndipo lilipozaliwa jambo jema na hatari yake kwa wakati mmoja. Jema ni kwamba mtazamaji alianza kupewa sababu. Hatari ni kwamba kituo kiligundua kuwa vituko vya mchambuzi vinauzika, hata pasipo sababu.

Miaka 3 kabla ya hapo, ng'ambo ya Atlantiki, kulitokea kisa kinachostahili kukumbukwa zaidi. Danny Blanchflower, nahodha wa Tottenham iliyotwaa ligi na Kombe la FA mwaka 1961, aliajiriwa na CBS mwaka 1967 kuchambua ligi mpya ya soka ya Marekani. Blanchflower alisema alichokiona: mchezo ulikuwa hafifu. Wakubwa hawakupendezwa, kwa sababu walikuwa wameinunua bidhaa na walitaka isifiwe. Alikataa kubadili kauli. Kwa hiyo tangu mapema kabisa ilidhihirika kwamba ubora wa mchambuzi hautegemei tu anachokijua. Unategemea pia kile anachoruhusiwa kukisema.

Tuje kwa Alan Hansen, beki wa Liverpool mwenye mataji 8 ya ligi. Alipojiunga na Match of the Day mwaka 1992 aliinua kiwango cha kazi hiyo, kwani aliwafundisha watazamaji kumtazama mchezaji asiye na mpira: beki aliyesimama pasipostahili, kiungo aliyesahau kurudi. Hata hivyo, wengi humkumbuka kwa utabiri mmoja. Mnamo Agosti 1995, Manchester United ilipofungwa 3-1 na Aston Villa, Hansen alitamka kuwa timu haiwezi kushinda kitu kwa kutegemea watoto. Msimu ulipoisha, watoto hao walikuwa na ligi na Kombe la FA. Mimi simlaumu kwa kukosea; utabiri ni kamari. Ninachokiona ni kwamba uzoefu wake ulimsaidia sana kueleza bao lililokwisha kufungwa, na haukumsaidia hata kidogo kuujua mwezi Mei ungali Agosti.

Dhana ya "ulicheza wapi" ilivuliwa nguo hadharani na suala la wanawake. Mnamo Januari 2011 Andy Gray, mshambuliaji wa zamani aliyekuwa sauti kuu ya Sky tangu 1992, alisikika, akidhani hayuko hewani, akikubaliana na mwenzake kuwa mwanamke hawezi kuijua sheria ya kuotea. Aliyekuwa akizungumziwa ni mwamuzi msaidizi Sian Massey. Katika mechi ile ile Massey aliamua tukio gumu la kuotea, na picha za marudio zikathibitisha kuwa amepatia. Siku chache baadaye, baada ya mkanda mwingine wa mwenendo wake kwa wanawake kujitokeza, Gray alifukuzwa kazi. Kisha mwaka 2018 Eniola Aluko na Alex Scott walichambua Kombe la Dunia la wanaume, na wakaandamwa na maswali juu ya haki yao ya kuwapo pale. Aluko ameichezea England zaidi ya mara 100, na Scott vilevile. Kama kucheza ndiko kigezo, mbona kwao hakikutosha? Kumbe mara nyingi swali la "ulicheza wapi" huwa si swali la maarifa. Ni mlango, na anayeushikilia huchagua wa kumfungulia.

Kiti cha Gray kilirithiwa na Gary Neville, mmoja wa wale "watoto" wa mwaka 1995. Pamoja na Jamie Carragher, aliyejiunga naye mwaka 2013, walikifanya kipindi cha Jumatatu usiku kuwa darasa: picha zimeteuliwa, hoja imeandaliwa, na mmoja yuko huru kumpinga mwenzake. Ndipo Desemba 2015 Neville akakabidhiwa timu ya Valencia ya Hispania. Hakumaliza miezi 4. Wapo waliomcheka wakisema uchambuzi wake ulikuwa maneno matupu. Nionavyo mimi, walikosea. Kucheza, kufundisha na kueleza ni kazi 3 tofauti. Neville aliporudi runingani alikuwa mchambuzi yule yule mzuri, kwa sababu uzuri wake ulitokana na maandalizi, muda na uhuru aliopewa na kituo.

Hili ndilo ninalowaambia wanafunzi wangu kuhusu ushahidi. Shahidi ana kitu ambacho hakuna mwingine anacho: alikuwapo. Lakini ushuhuda hauwi maelezo mpaka ulinganishwe, uhojiwe na upingwe. Katika siasa zetu tumewahi kuwasikia wazee wakifunga mjadala kwa kusema "sisi tulikuwepo". Ni kweli walikuwepo, na heshima yao ni haki yao. Kuwapo kwao kunatupa sababu ya kuwauliza zaidi, wala si sababu ya kunyamaza.

Tanzania Bara ilipata runinga mwaka 1994 tu, na leo vituo vyetu navyo vina wachezaji wastaafu kwenye viti. Mara nyingi ninaposikiliza, mtangazaji anamuuliza mstaafu alijisikiaje, naye anajibu kwamba wachezaji wa siku hizi hawajitumi. Huko ni kupoteza hazina. Mwaka 1980 Taifa Stars, chini ya nahodha Leodegar Tenga, ilikwenda Lagos ikafungwa 3-1 na Nigeria, ikafungwa 2-1 na Misri, ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Ilipita miaka 39 kabla hatujarudi katika fainali hizo. Katika mechi zile kuna mambo ambayo ni waliokuwa uwanjani tu wanaoweza kutuambia: nani alimkaba nani, mpango ulikuwa upi, na ulivunjika wapi. Kizazi kile kinazidi kuzeeka. Mtangazaji atakayemwekea mmoja wao picha, au hata ubao na chaki, kisha akawa na ujasiri wa kumuuliza "kwa nini?" na kumbishia anapojibu, atakuwa ameifanyia historia ya nchi hii kazi ambayo sisi wa vyuo vikuu tumechelewa kuifanya.