Birika, Hamamu, Bafu: Historia ya Mahali pa Kuogea katika Nyumba za Mawe

Anayekarabati nyumba ya mawe kule Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja hatakosa kuulizwa na fundi: hapa pa kuogea tujenge kwa nini? Akriliki ni nyepesi, chuma chenye enameli hudumu, saruji inapatikana kila duka. Kabla ya kujibu, yafaa tuyaulize maneno yetu, maana yamehifadhi habari za ujenzi ambazo wengi wetu tumezisahau.

Neno la kwanza ni birika. Kwa wengi leo ni chombo cha chai. Katika nyumba za kale za Lamu, birika lilikuwa pia hodhi la maji, lililojengwa kwa mawe pembeni mwa chumba cha kuogea na kupigwa lipu ya chokaa. Mwogaji hakuingia ndani yake. Aliteka maji kwa kata ya kifuu akajimiminia. Humo waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini palijengewa bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Hodhi hilo halikupimwa kwa urefu wa mtu. Kazi yake ilikuwa kuyaweka maji baridi na safi.

Neno la pili ni hamamu, lenye asili ya Kiarabu. Mwaka 1850 Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, ikapambwa kwa nakshi za maua na ndege. Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akajenga nyingine mjini kwa ajili ya watu wote. Mtaa ukaitwa Hamamni: neno geni limevaa kiambishi cha mahali, likawa mwenyeji.

Chokaa hiyo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa tanuuni, kisha yakalowekwa. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na chokaa huuacha upumue. Saruji huufungia unyevu ndani, hata lipu ikabanduka na jiwe likamomonyoka. Chuma nacho, kikijazwa maji ghorofani, huzielemea boriti za mikoko zilizokwisha kuzeeka.

Neno la tatu, bafu, tulilipata kwa Waingereza, na sasa hutaja chumba na chombo pia. Halina kosa. Anayetaka bafu la kujilaza na aweke la akriliki, mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite. Lakini ukuta wenyewe autengeneze kwa chokaa. Hapo atalazimika kumtafuta fundi ajuaye kutomea, yaani kuziba nafasi za ukuta kwa vijiwe na chokaa. Kitenzi hicho kimo kamusini. Vijana wangapi wa leo wamewahi kulisikia likitamkwa kazini?