Daktari Aliyepima Nguvu ya Kusimama Ghafula

Watu wengi hudhani ya kuwa mwendo wa mbio ndio umwuao mtu. Sivyo. Dunia hutuchukua kulizunguka jua kwa kilometa 30 hivi kila sekunde, wala hatusikii lo lote. Liumizalo mwili ni kubadilika kwa mwendo ghafula. Na jambo hili tumelijua zaidi kwa taabu za mtu mmoja, daktari John Paul Stapp.

Stapp alizaliwa mwaka wa 1910 huko Bahia, katika nchi ya Brazili, wazazi wake wakiwa wamisionari Wamarekani. Baadaye akawa daktari katika jeshi la ndege la Marekani. Siku zile wataalamu walisadiki ya kuwa mtu hawezi kustahimili zaidi ya g 18. Kwa hiyo viti vya ndege havikufanywa imara kupita kipimo hicho, kwa kuwa rubani alihesabiwa kuwa mfu.

Yafaa tueleze maana ya g. Jiwe likianguka, kila sekunde mwendo wake huongezeka kwa meta 9.8 kwa sekunde. Hiyo ndiyo g 1. Tukitaka kujua g za chombo kinachosimama, twatwaa mwendo wake, twaugawanya kwa sekunde ilizochukua kusimama, kisha twagawanya tena kwa 9.8.

Tarehe 10 Desemba 1954, huko Holloman katika New Mexico, Stapp alifungwa kwa mikanda juu ya chombo cha reli kilichosukumwa na roketi 9. Kikafikia maili 632 kwa saa, yaani meta 282 kila sekunde. Kisha maji yaliyowekwa kati ya reli yakakizuia, kikasimama kwa sekunde 1.4. Haya, tuhesabu: 282 kugawanya kwa 1.4 ni 201. Na 201 kugawanya kwa 9.8 ni 20.5. Lakini huo ni wastani tu. Maji hayakuzuia sawasawa tangu mwanzo hata mwisho, na yalipozuia kwa nguvu zote vipimo vilionyesha g 46.2. Kwa kitambo hicho, mtu wa kilo 70 hulemewa kana kwamba ana kilo 3,200! Mishipa ya damu ikapasuka machoni mwake, asione. Lakini nuru ya macho ikamrudia, naye akaishi hata mwaka wa 1999.

Je, tumepata faida gani? Kama chombo kile kingalisimama kwa sekunde 14, wastani ungalikuwa g 2 tu. Ndiyo kazi ya mkanda wa gari: asiyefungwa huendelea mbele mpaka kioo kimsimamishe mara moja, bali aliyefungwa husimama pamoja na gari, kwa muda mrefu zaidi. Stapp aliihubiri habari hii miaka mingi, na mwaka wa 1966 Marekani iliweka sheria ya usalama wa magari.

Basi tupandapo gari, tufunge mkanda. Mwenda pole hajikwai. Naye aendaye mbio, na asimame polepole.