Taa za Tela

Mwaka 1967 nilikuwa utingo wa mjomba wangu katika barabara ya Dar es Salaam hadi Zambia. Wageni waliiita Njia ya Jehanamu, nasi hatukuwa na sababu ya kuwabishia. Ian Smith alikuwa amejitangazia uhuru wa Rhodesia Novemba 1965, na mafuta ya Zambia yalipokatika upande wa kusini, yakaanza kupitia kwetu kwa mapipa. Malori yalipanda na mafuta, yakateremka na shaba. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya udongo: kiangazi vumbi, masika tope.

Watu husimulia malori yaliyotumbukia makorongoni. Plagi ya tela iliyojaa tope haisimuliwi na mtu.

Usiku mmoja tukiteremka Kitonga, lori lililotufuata lilisimama likiwa karibu kabisa kuigusa tela yetu. Dereva wake alishuka akitetemeka. “Mzee, ukikanyaga breki, indiketa zote mbili zinawaka hafifu! Nitajuaje kama unasimama?”

Mjomba alinigeukia. Asubuhi ile, Iringa, nilikuwa nimebadili balbu mbili na kumwambia taa ni nzima. Kweli ziliwaka. Ila sikumwomba mtu akanyage breki nitazame.

Hakunigombeza. “Mpwa wangu, balbu haina kosa. Umeme umekwenda, umekosa njia ya kurudi.”

Waya wa ethi wa tela ukiliwa na kutu, umeme wa breki hutafuta njia ya kurudi kupitia balbu nyingine. Ndiyo maana taa isiyohusika huwaka, na inayohusika hufifia. Ukiona hivyo, msomaji, usikimbilie kununua balbu. Na usiitegemee ndoano ya tela kupitisha umeme. Ina grisi, tena inachezacheza.

Mjomba alikwangua kutu kwenye chesisi ya lori na ya tela, akaziunganisha kwa waya. Waya wenyewe tulipewa na yule dereva. Nyuma tulibeba tani za shaba, na hatukuwa na waya hata wa urefu wa mkono!

“Kanyaga!” Nikakanyaga. Wekundu ukaenea barabarani.

Bomba la mafuta lilianza kazi mwaka 1968, reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Waya ule tuliuacha palepale. Kila tulipofika Iringa, mjomba aliuvuta kwa kidole, kisha akaniangalia mimi.